Meno yana floraidi, mbona yameoza?

"Shikamoo daktari. Nasoma tiba ya kinywa na meno, mwaka wa pili. Nyumbani ni Maji ya Chai, mkoani Arusha. Tunatumia maji ya bomba, yakikatika tunachota mtoni. Mdogo wangu wa miaka tisa ana meno ya mbele ya kahawia kama sisi wote nyumbani, na sasa gego la chini limetoboka, usiku analia. Darasani tumefundishwa kwamba floraidi inakinga meno yasioze. Huyu aliyekunywa floraidi tangu azaliwe ameozaje? Shangazi anasema ni upungufu wa kalsiamu, mama ameshanunua vidonge. Dawa ya meno ya dukani ameiacha kwa sababu ina floraidi, na maji anayachemsha muda mrefu ili floraidi ife. Yupo na mdogo wa mwisho, ana miezi minane, ndiyo kwanza ameanza uji. Nikirudi likizo niwaambie nini?"

Marahaba. Tuanze na gego. Hayo mengine yanaweza kusubiri likizo, gego haliwezi.

Mpigie mama leo. Amweke mtoto mwangani, afungue mdomo, ahesabu kuanzia jino la mbele la katikati kwenda nyuma upande ule unaouma. Kama lililotoboka ni la sita, hilo ni gego la kwanza la kudumu. Liliota alipokuwa na miaka sita hivi, nyuma kabisa, bila kung'oa jino lolote, ndiyo maana wazazi wengi hulidhania la utoto na kusema litang'oka lenyewe liote lingine. Haliоti lingine. Jino linalouma kidogo likiguswa na baridi au sukari, likatulia, mara nyingi bado linazibika. Linalomwamsha mtoto usiku pasipo kuguswa na kitu, uozo umeshafika kwenye kiini, palipo na mishipa, na hapo kinachobaki ni kutibu mzizi au kung'oa. Kwa umri wake kung'oa si hasara tupu: gego la pili likiwa bado halijaota, linaweza kusogea mbele likaziba sehemu ya pengo, ingawa kwenye taya la chini hilo halina uhakika kama la juu. Uamuzi ni wa atakayemwona na kumpiga picha. Wiki hii, si likizo. Na akivimba shavu au chini ya taya, akapata homa, akashindwa kumeza au kufungua mdomo vizuri, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Sasa swali lako. Mwalimu hajakosea, wala wewe hujakosea kushangaa. Floraidi, madini yanayoyeyuka kwenye maji, ina njia mbili za kulifikia jino, kwa nyakati mbili tofauti. Ya kwanza ni ile inayomezwa wakati jino bado liko ndani ya taya linajengwa. Ya pili ni ile inayoligusa jino likiwa limeshaota, kwenye mate, kwenye utando wa bakteria unaoganda juu ya meno, kwenye dawa ya meno. Kinga unayofundishwa darasani kwa sehemu kubwa ni ya njia ya pili. Rangi ya kahawia mnayoiona kwenye kioo nyumbani kwenu ni ya njia ya kwanza.

Enameli, yaani gamba gumu la nje la jino, hujengwa na seli zinazoitwa ameloblasti. Kwanza zinamwaga ute wa protini kama kiunzi, kisha protini inaondolewa taratibu na nafasi yake inajazwa madini ya kalsiamu na fosfeti, mpaka enameli inakuwa kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Floraidi ikizidi katika hatua hii ya kukomaa, protini inachelewa kuondoka. Jino linaota likiwa na umbo lake kamili lakini chini kidogo ya uso enameli ina vitundu vidogo visivyoonekana, kama mkate ulioumuka. Mwulize mama meno ya huyu wa miaka tisa yalitokaje. Atakwambia yalitoka meupe, pengine meupe kupita kiasi, kama chaki. Ni kweli. Kahawia iliingia baadaye, kutoka kwenye chai na vyakula, ikazama kwenye vile vitundu. Ndiyo maana kusugua hakuitoi.

Ukifika nyumbani, fanya hivi. Chukua pamba, kausha jino la mbele kwa nusu dakika, umgeuze mtoto kuelekea dirishani. Utaona mistari myembamba myeupe iliyolala, ikifuata mawimbi ya ukuaji wa jino, na jino la kulia litafanana na la kushoto. Hiyo ni floraidi. Uozo haufuati mpangilio huo: hukaa penye utando, kando ya fizi, kati ya meno, kwenye mifereji ya magego. Na doa moja jeupe au la njano kwenye jino moja tu, huku jirani zake ni wazima, ulizia kama aliwahi kuanguka au jino la utoto lililokuwa hapo liliwahi kuota jipu. Nimeona wanafunzi wazuri wakiandika "floraidi" kwenye kila doa kwa sababu tu mgonjwa anatoka Arusha.

Kisa cha jinsi jambo hili lilivyogunduliwa kitakusaidia kuelewa mwalimu wako anatokea wapi. Mwaka 1901 daktari wa meno kijana, Frederick McKay, alihamia Colorado Springs, Marekani, akakuta watu wa pale wana meno ya kahawia ambayo vitabu havikuyataja. Alihisi ni maji, na akagundua pia kwamba meno yale yalikuwa hayaozi ovyo. Ilichukua mpaka 1931 ndipo mkemia H. V. Churchill akapima na kukuta floraidi. Baada yake daktari wa meno Trendley Dean alilinganisha mji kwa mji na kuonyesha kwamba penye kama miligramu 1 kwa lita uozo hupungua na madoa makubwa ni nadra. Hilo ndilo linalofundishwa. Lakini mteremko wa Mlima Meru si mji wa miligramu 1. Mwamba wetu ni wa volkano, na maji yake mengi yana sodiamu kwa wingi na kalsiamu kidogo. Kalsiamu ingekuwepo ingeikamata floraidi ikatuama, sasa haipo, floraidi inabaki imeyeyuka. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi ilivumilia hadi 8 kwa maji ya vijijini, ikashuka 4, na sasa kiwango chetu nacho ni 1.5. Visima na chemchemi za Meru zinazopita hapo ni nyingi.

Floraidi ikizidi sana, enameli inakuwa dhaifu kiasi kwamba jino likianza kutafuna, uso wake unamomonyoka na kuacha mashimo. Shimo linashika chakula, mswaki haufiki. Jino la namna hiyo linaoza kirahisi kuliko la kawaida. Hilo moja.

La pili ni sukari, na hapa ndipo nataka uache kitabu umfuatilie mdogo wako siku nzima. Nadhani utakuta hivi: asubuhi chai ya maziwa, vijiko vitatu, na andazi. Saa nne shuleni barafu ya rangi ya kunyonya, au pipi ya kijiti. Akitoka shule mia mbili iliyobaki inakwenda kwenye ubuyu wa sukari. Saa kumi na moja chai tena. Jumapili soda. Kila anapoonja, bakteria wa kwenye utando, wakiwemo Streptococcus mutans, wanaigeuza sukari kuwa asidi, na ndani ya dakika chache pH ya utando (kipimo cha uchachu, kikishuka uchachu umezidi) inashuka chini ya 5.5, ambapo enameli inaanza kupoteza madini. Mate huchukua kama nusu saa hadi saa nzima kuirudisha. Akila mara tatu kwa siku, jino lina muda wa kurudishiwa kilichotoka. Akinyonya barafu taratibu muda wote wa mapumziko, muda huo haupo. Ndiyo sababu swali langu la kwanza kwa mzazi huwa "mara ngapi", halafu ndipo "kiasi gani".

Ushahidi wa hilo ulipatikana kwa njia ambayo leo ingemfikisha mtu mahakamani. Katika hospitali ya Vipeholm, Sweden, miaka ya 1940, wagonjwa wenye ulemavu wa akili walipewa tofi za kunata kati ya milo kwa makusudi, meno yao yakaharibika vibaya, huku waliokula sukari pamoja na mlo wakidhurika kidogo tu. Utakutana na jina hilo kwenye masomo. Ukilitaja, taja na waliolipia.

Kiasi nacho kina kikomo. Tangu 2015 Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana 5. Kwa mtoto anayehitaji kilokalori 1,600, asilimia 10 ni gramu 40, vijiko kumi vya chai. Chupa moja ya soda ya mililita 350 inakaribia vijiko tisa. Chai mbili zenye vijiko vitatu vitatu ni sita. Hesabu hiyo mfanyie mama kwa kijiko chake mwenyewe, mimina sukari kwenye sahani. Maneno matupu yanasahaulika.

Twende kwa shangazi na vidonge vyake. Jino lililoota halipokei kalsiamu kutoka tumboni, haliko kama mfupa unaojijenga na kujibomoa maisha yote. Vidonge havitaondoa kahawia wala kuziba tundu. Lakini shangazi hajakosa kabisa. Mlo wenye kalsiamu ya kutosha hupunguza floraidi inayofyonzwa tumboni, na watoto wanaokunywa maji haya haya huku wakila ugali na mboga kidogo tu huumia zaidi mifupa. Fedha ya vidonge inunue maziwa, mtindi, dagaa wanaoliwa na mifupa yao. Loshoro ya nyumbani, lile kande la mtindi, ikipikwa kwa maji salama, inafaa kuliko kopo lolote la duka la dawa.

Kuchemsha kunaua vimelea. Floraidi haina uhai. Sufuria ya lita tano yenye miligramu 5 kwa kila lita ina miligramu 25. Ikichemka mpaka zikabaki lita nne, miligramu ni zile zile 25, sasa kila lita ina zaidi ya 6. Mama amekuwa akiikoleza, kwa nia njema na kwa gharama ya mkaa. Achemshe kwa ajili ya kuhara, mara yakishatokota aepue. Dawa ya klorini haiiondoi, wala kichujio cha kawaida cha udongo, wala mkaa wa kuni.

Kuhusu dawa ya meno, hapa mama amefunga mlango mdogo akaacha geti wazi. Dawa nyingi zina floraidi kati ya 1000 na 1450 ppm (sehemu kwa kila milioni), tazama nyuma ya boksi. Kiasi cha punje ya mchele ni kama gramu 0.1, kwa hiyo hata mtoto akiimeza yote anapata kama miligramu 0.1. Nusu lita ya maji yenye miligramu 5 kwa lita inampa 2.5. Huyu wa miaka tisa enameli ya meno yake ya mbele ilikamilika zamani, dawa haiwezi kuyatia doa tena, na ndiye anayeihitaji kuliko wote nyumbani. Asugue mara mbili, usiku ikiwa ya mwisho kabisa, ateme povu, asisukutue kwa maji mengi. Mdogo, meno yakichomoza, punje ya mchele, mama mwenyewe ndiye ashike mswaki. Akifika miaka mitatu, kiasi cha njegere.

Huyu wa miezi minane ndiye hasa wa kukimbilia. Meno ya mbele ya kudumu hujengwa tangu miezi ya kwanza baada ya kuzaliwa mpaka karibu miaka minne mitano, na mwaka wa pili na wa tatu ndio hatari zaidi kwa yale yanayoonekana akicheka. Mengine yanaendelea mpaka miaka minane hivi. Mpaka sasa amekuwa salama kwa sababu moja: maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata mama anapokunywa maji yenye nyingi. Kwa hiyo aendelee kumnyonyesha mpaka miaka miwili. Uji ndio unaofungua mlango. Kikomo kinachotumika kwa watoto wa umri huu ni miligramu 0.1 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Ana kilo nane, basi miligramu 0.8. Rudi kwenye ile nusu lita ya maji yenye miligramu 2.5, tuseme imepikiwa uji wake, uone imezidi mara ngapi.

Hamna haja ya kubadilisha maji yote ya nyumba. Ya kuoga, kufua na kuosha vyombo yabaki yale yale, floraidi haipiti kwenye ngozi. Tengeni ndoo moja yenye mfuniko, ya kunywa na kupikia watoto. Ya kuijaza, naona rahisi kuliko yote ni mvua: masika na vuli zinatosha kulijaza simtanki kama bati ni safi, mkiacha mvua za kwanza zioshe paa, kisha mkachemsha ya kunywa. Shida ni kiangazi. Kichujio cha mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ile kazi ambayo kituo cha Ngurdoto pale jirani yenu kimeifanya kwa miaka mingi, kinakamata floraidi vizuri, lakini mkaa huo huchoka, na ukichoka maji yana ladha ile ile na sura ile ile. Bila kuyapima tena baada ya muda mnajidanganya. Wengine huuliza kuhusu mifupa ya mnyama ambaye hawajui alichinjwaje, na ni swali la haki, waulizeni wanaotengeneza. Maji ya chupa au ya mtambo wa kuchuja yanafaa kwa uji wa mtoto mmoja, kwa familia nzima mfuko utachoka. Kabla ya yote, pelekeni sampuli mbili, ya bomba na ya mto, kwenye maabara ya ubora wa maji. Miligramu ninazotumia hapa ni za mfano, zenu zinaweza kuwa chini au juu, na bomba huenda ni bora kuliko mnavyodhani.

Halafu kuna magadi. Hukuyataja, na watu wengi hawayataji kwa sababu hawayahesabu kama chakula. Mapande yale ya kijivu mama anayonunua Tengeru siku ya soko ili maharage yaive upesi yana floraidi, mengine nyingi sana. Nimeona meno ya kahawia kwa watoto wa uchagani, Moshi, ambako chemchemi za Kilimanjaro kwa kawaida hazina shida, na chanzo kikawa chungu cha kande na cha kiburu, yaani ndizi na maharage. Mwambie mama aloweke maharage na mahindi usiku kucha, amwage yale maji, apike na mfuniko. Yatachelewa kidogo. Bibi atalalamika kwamba kande halina utamu wake, na kusema kweli halitakuwa nao. Basi la watoto wadogo lipikwe peke yake.

Jambo jingine, kwa kuwa yule wa miezi minane yuko kwenye umri wake: akianza kuhara, jirani anaweza kuchungulia fizi, akaona uvimbe mweupe pale chonge zinapotaka kutokea, na kusema ni "meno ya plastiki" yang'olewe. Ni vijidudu vya kwenye uji au chupa vinavyomharisha, na kinachochokonolewa pale ni jino changa, mara nyingi pamoja na la kudumu lililo chini yake. Apewe ORS (dawa ya kurudisha maji mwilini) na zinki, apelekwe zahanati.

Kuhusu rangi ya meno ya mbele ya huyu mkubwa, yanasaidika. Madoa mepesi hupungua kwa kusuguliwa na daktari kwa dawa maalumu au kupaushwa, mazito hufunikwa kwa resini, kijazio cha rangi ya jino. Ningesubiri afike kwenye ujana, fizi zitulie kwanza, isipokuwa kama anafunika mdomo kwa kiganja kila akicheka. Akifanya hivyo msisubiri. Ila asisuguliwe kwa mkaa, chumvi, mchanga wala magadi, enameli iliyo dhaifu itaondoka na rangi itabaki.

Mwangalie na miguu. Asimame wima, vifundo vigusane. Kama magoti yanaachana sana, au yanagongana na miguu inapanuka chini, au analalamika mifupa, yeye au mtoto mwingine yeyote hapo nyumbani, aonwe na daktari wa watoto au wa mifupa. Yaweza kuwa floraidi, yaweza kuwa matege ya ukosefu wa vitamini D, na huwezi kuyatofautisha kwa macho. Wewe wala mimi.

Mama msimulie hivi: madoa aliyasababisha maji, wala si uzembe wake, na ya huyu mkubwa yalikwisha kuandikwa kabla hajaanza chekechea. Gego ni habari ya barafu, chai na mswaki. Ukiyachanganya ataacha dawa ya meno na kuendelea na magadi, kama anavyofanya sasa. Nitumie majibu ya maabara yakitoka, nikupigie hesabu ya ndoo.